Nilichemsha mouthpiece ya marehemu Mghenyi: ushauri kwa anayetafuta mouthpiece ya klarineti

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Jana kuna mkuu humu aliuliza. Binti yake ameanza klarineti kwenye bendi ya kanisa, na yeye mwenyewe anataka kurudi kupuliza baada ya miaka mingi. Je, anunue mouthpiece mpya au atafute iliyotumika?

Mkamjibu bei na majina ya kampuni. Mimi nilianza kuandika comment, nikaifuta mara tatu. Nimeona bora nifungue uzi.

Haya yamenipata mwenyewe, Singida mjini, ile miaka ya ruksa, mashirika yanakufa na mitumba inaingia kwa marobota. Mke wangu yupo hapa pembeni anachambua mlenda, na anayajua yote. Nikitia chumvi ataniumbua, kwa hiyo mtapata kama yalivyokuwa.

Kwa wasiojua klarineti: ni ala nyeusi, ndefu, ina vitufe vya bati. Juu kabisa kuna kipande kilichochongoka, ndicho unachotia mdomoni. Hicho ndicho mouthpiece. Chini yake unafunga kijiti chembamba cha tete, kinaitwa reed. Reed ikitetemeka pale, sauti inatoka. Meno ya juu yanakaa juu ya mouthpiece, na ukipuliza miaka mingi meno yanaacha alama.

Zishikeni hizo alama, nitazirudia.

Sasa twende.

Shirika letu lilikuwa na bendi. Wageni wakija tunapiga, Mei Mosi tunapiga, akifa mfanyakazi tunapiga. Klarineti tulikuwa wawili. Mimi Rajabu, wa pili. Wa kwanza alikuwa Mghenyi.

Mghenyi alikuwa Mnyaturu mrefu, mpole, mnusa ugoro. Jino moja la juu la mbele hakuwa nalo, lilitolewa na teke la ng'ombe utotoni. Mouthpiece yake ilikuwa ya ebonaiti, ule mpira mgumu mweusi, aliyoachiwa na padri mmoja wa Kizungu. Juu yake kulikuwa na shimo moja kubwa kushoto, nafasi tupu, halafu kashimo kadogo kulia. Ungeikuta njiani ungejua ni ya nani.

Na sauti yake, wakuu, sijaisikia kwa mtu mwingine. Kabla ya noti ya juu alikuwa anatanguliza kapumzi kadogo, kama mtu anayetaka kukuambia jambo halafu anasita. Nilikaa naye kiti kwa kiti miaka saba, nikajaribu kumuiga, sikuweza. Nilimwonea wivu, nalisema wazi.

Shirika likafa. Tukarudishwa nyumbani, vyombo vikafungiwa godauni. Mimi nikaingia kwenye viatu vya mtumba. Mghenyi akarudi Unyambwa kulima alizeti, kifua kikambana, miaka miwili baadaye akafariki.

Hapa kuna desturi ya bendi yetu lazima muielewe, kwa sababu uzi wote umeegemea hapo.

Mpulizaji akifa, klarineti au tarumbeta inarudi kwa bendi, lakini mouthpiece inakwenda kwa familia. Haipulizwi na mtu yeyote mpaka mtoto wa marehemu aipulize kwanza, mbele ya ndugu. Tuliita kufungua. Mtoto akishafungua, familia inaamua yenyewe: ibaki nayo au impe mtu. Na mtoto akiwa mdogo anasubiriwa mpaka aote meno ya ukubwani.

Mghenyi aliacha mtoto mmoja, Sara. Alikuwa analelewa Ilongero kwa bibi yake, mama yake Mghenyi. Mtoto huyo hakuwahi kumsikia baba yake akipuliza hata siku moja, maana bendi ilikufa yeye bado mchanga. Kwa hiyo kwake kufungua halikuwa jambo la mila tu. Ilikuwa ndiyo nafasi yake ya kumsikia baba, kwa pumzi yake mwenyewe.

Nililijua hilo vizuri kabisa. Ndiyo maana mpaka leo linaniuma.

Basi, Mzee Ntandu, aliyekuwa kiongozi wetu wa bendi, akapata kibali cha kutoa vyombo godauni. Anataka kikundi cha matarumbeta cha harusi. Akanifuata sokoni nimezungukwa na viatu.

"Rajabu, harusi ya kwanza ni Ilongero, wiki tatu zijazo. Klarineti ya kwanza ni wewe."

Nilifurahi mpaka nikampunguzia mteja bei bila kuombwa.

Furaha ikaisha nilipofungua sanduku langu. Mouthpiece yangu ilikuwa imemeguka ncha. Kumbukeni hili, ncha ikimeguka hata kidogo tu, hiyo haifai tena, usidanganywe kwamba inatengenezeka kwa msasa wa fundi seremala. Nikanunua nyingine ya plastiki kwa muuza redio mmoja mjini, nikachagua yenye mdomo mpana kuliko zote, yaani mwanya mkubwa kati ya ncha na reed, kwa sababu enzi zangu nilikuwa napuliza pana.

Kosa hilo, mkuu uliyeuliza, ndilo kosa la kila anayerudi. Kichwa kinakumbuka, midomo imesahau. Mouthpiece iliyoachama sana inataka misuli ya mdomo uliyokuwa nayo zamani, siyo ya leo. Nilipuliza dakika kumi, mate yananitoka pembeni, inalia kama mlango usiotiwa mafuta. Zuhura binti yangu akaziba masikio. Anayerudi aanze na iliyobana kiasi, na reed laini, namba mbili au mbili na nusu. Kupanua utapanua baadaye.

Mimi sikuwa na uvumilivu huo. Zimebaki wiki mbili. Nikamkumbuka Mghenyi.

Nikaenda Unyambwa kwa mjane, mama Sara. Akanikaribisha, akatoa mouthpiece kwenye kabati, imefungwa kwenye kipande cha kanga.

"Sara anafunga shule mwezi ujao, shemeji," akasema. "Meno yameshakamilika. Tutafungua hapa hapa, na wewe utamwonyesha namna ya kushika."

Nikamwambia naomba niazime siku chache nipime upana wake, nitafute inayofanana nayo. Akafikiri kidogo.

"Usiipulize."

"Siwezi, shemeji. Mimi mtu mzima."

Akanipa kwa mikono miwili.

Nilishika njia nikijua kabisa nitapuliza.

Nyumbani mke wangu aliiona akashtuka. Mghenyi alikufa kwa kifua, na kila mtu alikuwa anaogopa kifua kikuu. Akasema kama lazima niitie mdomoni, kwanza nichemshe. Nikaona ni busara. Nikabandika sufuria, maji yakatokota, nikatia chumvi, nikadumbukiza.

Wakuu, msichemshe ebonaiti. Maji yawe vuguvugu tu, na sabuni kidogo, basi. Ule mpira una kiberiti ndani yake, yaani salfa. Jiko lote likanuka yai bovu, maji yakageuka njano, na nilipoitoa na kijiko mouthpiece ilikuwa kijani cha udongo, kama mgongo wa chura.

Lakini yale mashimo ya meno hayakubadilika rangi. Yalibaki meusi tii. Mke wangu akayatazama, akatoka nje.

Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, upepo ule wetu wa Singida unapiga mabati. Nikakaa kwenye jiwe nyuma ya nyumba, nikafunga reed, nikaweka meno.

Meno yangu ni kamili. Lakini jino langu la kushoto likaingia kwenye lile shimo kubwa, na taya langu lote likavutwa kushoto. Sikulivuta mimi. Nikaonja ugoro. Baada ya kuchemsha na chumvi, ugoro.

Nikapuliza.

Ikatoka sauti ya Mghenyi. Siyo inayofanana nayo. Yenyewe, na kale kapumzi kabla ya noti ya juu. Nilijaribu kukazuia, kakatoka hivyo hivyo.

Mke wangu akaja mbio toka uani, mikono ina unga. Akasimama, akaangalia kushoto na kulia kwangu.

"Nani alikuwa anapiga?"

"Mimi."

"Hapana," akasema. Akarudi ndani.

Najua wataalamu mtasema joto lilipinda ile sehemu reed inapolala, ndiyo maana pumzi ikawa inavuja mwanzoni. Inawezekana. Nimejieleza hivyo miaka yote hii. Lakini pumzi ikivuja unapata mluzi, hupati mtu.

Siku zilizofuata nilianza kukohoa. Kila siku saa nne asubuhi, kikohozi kikavu mara tatu, basi mpaka kesho yake. Hospitali walinipima makohozi, sina kitu. Sikumwambia mtu kwamba saa nne asubuhi ndiyo ulikuwa muda wa mapumziko ya bendi, na Mghenyi alikuwa anakohoa pale pale, mara tatu, akinusa ugoro.

Na bado sikuirudisha. Nawaambia ukweli wangu wote: nilikuwa nimeonja kuwa bora. Nilisubiri miaka saba sauti ile, nimeipata, niirudishe?

Kwenye mazoezi nilikaa nyuma, nimefunika mouthpiece kwa mkono wasione rangi. Mzee Ntandu anaongoza akiwa amefumba macho, ndiyo kawaida yake. Katikati ya wimbo akanyoosha kidole upande wangu.

"Mghenyi, punguza."

Wote tukaacha kupiga. Mzee akafumbua macho, akanitazama, akafuta jasho. Akasema turudie toka mwanzo.

Harusi ikafika. Ilongero, mchana kweupe, watu wamejaa, wali unanukia. Tulipiga wakati bwana na bibi harusi wanaingia, na nilipiga vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Watu waligeuka kuniangalia mimi badala ya maharusi.

Kwenye umati nikaona kikongwe anasogea, ameshikwa mkono na msichana wa miaka kumi na mbili hivi. Alikuwa bibi, mama yake Mghenyi. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, haoni. Msichana ni Sara.

Bibi akaja moja kwa moja mpaka nilipokaa. Nikaondoa klarineti mdomoni. Akanishika taya la kushoto kwa vidole vyake vikavu, akalipapasa polepole.

"Umekuja," akasema. "Umekuja mpaka hapa bila kupita nyumbani?"

Nilitaka kusema shikamoo bibi, mimi Rajabu. Badala yake nikainamia vitufe. Sara alikuwa ananitazama mdomo tu. Wanawake wakaja wakamwondoa bibi kwa upole, wakisema ni uzee.

Siku ile ndipo nilipotamani niwe sijaigusa.

Wiki iliyofuata mama Sara akatuma salamu. Shule imefungwa, Jumapili tunafungua, leta mouthpiece.

Hapa ningeweza kwenda kumwangukia na kusema kweli. Mimi nikawaza kama muuza viatu. Viatu vya mtumba vilivyofubaa tunavifanyaje? Nikachukua dawa ya viatu nyeusi, nikaipaka mouthpiece mara tatu, nikaing'arisha na kitambaa mpaka ikawaka. Nikaona nimemaliza kazi.

Cheka tu. Mimi mwenyewe ningecheka, isingekuwa kilichofuata.

Jumapili baada ya ibada tukakaa Unyambwa uani. Ndugu wa Mghenyi, bibi kwenye mkeka, Mzee Ntandu kwenye kiti, mama Sara kavaa nguo mpya. Sara akaja mbele.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba."

Nikamfungia reed, nikamwonyesha namna ya kuweka meno. Akaweka mdomoni, akavuta pumzi, akapuliza.

Hakuna kitu.

Akapuliza tena, mashavu yamejaa. Hakuna mluzi, hakuna hata mlio wa upepo. Wakuu, ukipuliza chupa tupu utasikia kitu. Ile haikutoa kitu, na mimi niliipiga asubuhi ile ile nyumbani, kabla ya kupaka dawa, ikaimba.

Sara akaitoa mdomoni. Midomo yake ilikuwa myeusi tii, meno meusi, mpaka kidevu. Mahali dawa ilipotoka kijani kikaonekana.

Mama Sara hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alinijulia wapi. Nikapiga magoti. Nikasema yote: nimechemsha, nimepuliza, nimepaka dawa ya viatu.

Sara hakulia. Akajifuta mdomo kwa kiganja, akakiangalia kile kiganja.

"Bibi aliniambia baba alikuja harusini," akasema. "Kumbe alikuja kwako."

Nimesikia matusi mengi maishani, sokoni hasa. Hakuna lililowahi kunichoma kama maneno hayo.

Mzee Ntandu ndiye aliyeamua. Akasema mouthpiece ile imeshafunguliwa na mwizi, haiwezi kufunguliwa mara ya pili, irudi kwa mwenyewe. Jioni ile jua bado lipo tukaifukia kaburini kwa Mghenyi, upande wa kichwa. Kikohozi changu kiliisha kesho yake. Halafu akasema mimi nitamtafutia mtoto mouthpiece mpya, na nitamfundisha mpaka aweze, hata kama itachukua maisha yangu yote. Sikubisha.

Hapo ndipo nilipojifunza kuchagua mouthpiece kwa mara ya kwanza, kwa sababu nilikuwa sikichagulii tena kiburi changu.

Nilikwenda kwa yule yule muuza redio na klarineti yangu begani, nikamwaga boksi lake zima mezani. Niliangalia kila moja juani: zile kingo mbili za pembeni ziwe sawa unene, ncha iwe nzima. Nikafunga reed, nikaitazama kwa ubavu dhidi ya mwanga, ule mwanya upungue taratibu, usiwe umepinda upande mmoja. Halafu nikaziba tundu la chini kwa kiganja, nikafyonza hewa, nikaitoa mdomoni. Nzuri inabaki imefyonza kidogo, kisha inaachia, pop. Mbovu inaachia hapo hapo. Mwisho nikaichomeka kwenye klarineti yenyewe, isicheze, isilazimishwe, nikiwa nimepaka nta kidogo ya nyuki kwenye kizibo, lile gome laini linalozungushwa kwenye kiungio chake. Nikapata moja ya plastiki, bei ya kawaida, upana wa kati ukielekea kubana. Haikuwa na jina lolote. Kwa mwanafunzi inatosha kabisa, msikubali kutishwa na majina.

Na ilikuwa mpya. Haikuwahi kuguswa na jino la mtu.

Sara alikuja kila likizo. Miezi ya kwanza hakuzungumza nami zaidi ya salamu. Nikamfundisha kuweka meno katikati, taya lisilale, pumzi moja kwa moja. Sikumwambia lolote kuhusu upigaji wa baba yake. Niliogopa. Mwaka wa pili akawa anapiga na kikundi, anapiga vizuri, sauti yake safi, ya kwake. Nikashukuru Mungu, nikaona yamekwisha.

Akakua, akawa mwalimu, akanunua klarineti nzuri ya mbao na mouthpiece yake. Mwaka juzi alikuja kunisalimia, amenisamehe zamani. Akaniletea ile ya plastiki kwenye bahasha.

"Kwa wajukuu zako, baba mdogo. Mimi sihitaji tena."

Alipoondoka nikaitoa kwenye bahasha.

Wakuu, Sara ana meno yote. Ana meno mazuri, yamejipanga, hajawahi kung'olewa hata moja. Nilimfundisha mwenyewe kuweka katikati.

Juu ya ile plastiki kulikuwa na shimo moja kubwa kushoto. Nafasi tupu. Halafu kashimo kadogo kulia.

Nikampigia simu Sara nikamwambia. Nikasikia anavuta pumzi kidogo, kama mtu anayetaka kusema jambo halafu anasita.

"Najua," akasema. "Nilitaka na wewe uone kwamba alifika."

Nililia kama mtoto, mbele ya mke wangu, mchana.

Kwa hiyo mkuu uliyeuliza, jibu langu ni hili. Mtoto mnunulie mpya, ya kati, isiyo pana, na wewe anza na iliyobana. Usichemshe. Ukiletewa iliyotumika, kabla ya kuuliza bei uliza ilikuwa ya nani, na kama ana mtoto, mtoto ameshaipuliza?

Nilichojifunza ni kwamba nilitamani sauti ya mwenzangu nikadhani inakaa kwenye kipande cha mpira. Ilikuwa inamtafuta mwanawe muda wote, na mimi nikaichelewesha njiani.

Ile ya plastiki ipo kwenye droo, na wajukuu wamekatazwa. Msinifuate PM kuiomba, siuzi.

Kama kuna mwenye maelezo ya kitaalamu namna meno kamili yanavyoacha alama ya pengo, aandike hapa chini, nitasoma kwa heshima. Na waliowahi kurithi chombo cha marehemu, semeni na nyie kiliwapokeaje.